Gari la zamani "chuma kitupu"? Si kwenye ajali

Kila gari jipya likikunjika pua kwa kugongwa kidogo, utasikia: "Haya ya siku hizi mabati tu, ya zamani ndiyo yalikuwa magari." Lakini kukunjika huko ndiko kazi yake. Pua huachwa ijikunje imeze nguvu ya mgongano kabla haijamfikia dereva. Chuma kigumu zaidi hutumika kuzunguka chumba cha abiria. Wazo hilo alilibuni mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Sasa itazame Mini ya 1959, lile gari dogo la Kiingereza: urefu mita 3 na kidogo, uzito kama kilo 600, injini ya sentimita za ujazo 848. Milango myembamba, mifuko ya hewa hakuna. Mini ya leo ina uzito wa karibu maradufu, na sehemu ya uzito huo ni vifaa vya usalama.

Raha ya kuendesha ile ya kale, hapo sibishi. Ni nyepesi, inakata kona vizuri, na hata kuitengeneza ni rahisi. Ila ukigonga ukuta nayo, usukani unaweza kusukumwa hadi kifuani.