Kipindupindu kikiingia mtaani, dawa si kufunga kituo cha watoto

Mlipuko ukitangazwa, simu za mwanzo ninazopokea haziulizi maji ya mtaa yanatoka wapi. Zinauliza: "Bwana afya, hivi vituo vya kulelea watoto mnafunga lini?" Anauliza mjumbe, anauliza mzazi, na mara nyingine anauliza mwenye kituo mwenyewe, keshakata tamaa.

Dhana iliyo nyuma ya swali hilo ni kwamba watoto wakikusanyika wanaambukizana, basi wakitawanywa wamesalimika. Tumeirithi kutoka kwenye corona. Machi 17, 2020 serikali ya Tanzania ilitangaza kufunga shule kuanzia za awali, zikaja kufunguliwa zote Juni 29. Wenzetu Uganda hawakufungua kikamilifu hadi Januari 2022. Corona husafiri kwa pumzi, kwa hiyo kukaa mbalimbali kulikuwa na mantiki yake. Kipindupindu huingia kwa mdomo: maji, chakula, mikono iliyogusa kinyesi. Ukimtoa mtoto kwenye chumba chenye wenzake thelathini ukampeleka kwenye ndoo chafu, hujamkinga na kitu.

Na huko kwenye ndoo chafu ndiko anakopelekwa. Mama yake anauza chai na chapati stendi tangu alfajiri. Kituo kikifungwa hatabaki nyumbani, maana asipouza hawali. Mtoto anaachwa kwa jirani mwenye wajukuu wake wanne, au kwa dada yake wa miaka tisa. Huko hakuna anayetibu maji, hakuna daftari la mahudhurio, hakuna wa kunipigia mtoto akianza kuharisha. Kituoni namjua mlezi, nakijua choo, nakijua chanzo cha maji. Mtoto akiharisha saa nne, kabla ya saa tano ninayo taarifa. Kwa ugonjwa unaoweza kuua ndani ya saa chache, hilo si jambo dogo.

Halafu yupo mwenye kituo. Huku uswahilini wengi hukusanya hela ya siku kwa siku. Mlango ukifungwa mapato yanakatika siku hiyohiyo, kodi ya nyumba haingoji, na dada aliyeshafundishwa kunawisha watoto na kuchanganya klorini anakwenda kukaanga vitumbua. Kituo kikija kufunguliwa hakina mlezi wala sabuni, na sisi tunakuja kukikagua tukiwa tumekunja uso.

Kwa hiyo mlipuko ndio wakati wa mtaa kukibeba kituo. "Anapokea ada, sabuni anunue mwenyewe," wanasema kwenye vikao, tena wanaosema hivyo ni walewale ambao watoto wao wanashinda hapo. Mche wa sabuni kwa kila wazazi watano kwa wiki haumfilisi mtu. Sabuni, dawa ya maji, na (hapa walezi hucheka, wanajua ninachotaka kusema) ndoo yenye koki.

Nenda kituo chochote saa ya uji uangalie maji ya kunywa yanavyochotwa. Mlezi anazamisha kikombe, vidole vinaingia majini hadi pingili ya pili, anampa mtoto, mtoto anakunywa nusu, kikombe kinarudi ndani kumchotea mwingine. Na maji hayo yalichemshwa jana kwa mkaa wa kununua! Au yaliwekewa kidonge kimoja kwa lita 20 na kusubiriwa nusu saa, kama tunavyofundisha, kisha yakachafuliwa kabla watoto watatu hawajanywa. Koki inamaliza habari hiyo. Fundi bomba yeyote atakutobolea ndoo uliyonayo. Kwa kunawa, kibuyu chirizi mlangoni pa choo kinatosha: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia na sabuni iliyoning'inizwa.

Zipo siku za kufunga, sikatai. Mgonjwa akithibitika kituoni, au maji yenyewe yakishukiwa, kituo kinasimama mpaka kisafishwe kwa klorini, maji yabadilishwe na watoto wafuatiliwe. Hizo ni siku chache, si muhula. Surua nayo ina sheria yake kwa sababu inaenea kwa hewa: mlezi adai kadi ya kliniki, aangalie chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18, na mlipuko ukiwepo asiyechanjwa akae nyumbani.

Dhana nyingine potofu nazijibu harakaharaka, maana nimezijibu sana.

"Kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara." Kina. Wengi walioambukizwa kipindupindu hawaonyeshi dalili yoyote, lakini vimelea wanavitoa. Pampasi haitupwi mtaroni, na aliyembadilisha mtoto ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa sufuria. Sanitaiza si mbadala wa sabuni kwenye mkono wenye uchafu.

"Akiharisha usimpe maji, ataharisha zaidi." Hii inazika watoto. Mpe ORS, yaani ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji safi, kijiko baada ya kijiko. Akitapika ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki anapewa siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limeshatulia. Na mlezi asingoje mama arudi jioni: ORS ianze hapo hapo, safari ya zahanati ifuate wakati mtoto anaendelea kunywa.

"Jiki nyingi ndiyo kinga." Jiki ni dawa ya klorini, na ikizidi inadhuru. Kuna kituo niliingia macho yakaanza kuwasha mlangoni, watoto wanakohoa. Klorini ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, ya matapishi na choo ni 0.5, yaani kali mara kumi. Weka ndoo mbili, zenye rangi tofauti, na ziandike. Soma chupa kwanza, maana nguvu ya dawa hutofautiana.

"Macho mekundu yanatibiwa kwa maziwa ya mama." Au majani ya chai, au mkojo. Mapema 2024 ugonjwa ulipoenea Dar es Salaam niliyasikia yote matatu. Jicho linasafishwa kwa maji safi tu, kila mtoto na kitambaa chake, na asiyepata nafuu apelekwe kituo cha afya. Ile taulo moja inayoning'inia kwenye msumari kituo kizima iondoeni leo.