Je, Wajua? Uwanda Usio na Miti Hupimwaje Afya Yake?

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza kusini-mashariki mwa Hifadhi ya Serengeti, akaona nyasi fupi zimetanda hadi upeo wa macho bila mti, huenda akadhani kwamba mahali hapo pamefyekwa. Mtaalamu wa udongo hambishii; huchimba shimo.

Kuta za shimo hilo husomwa tabaka kwa tabaka. Juu kuna majivu ya volkano yaliyopeperushwa kwa maelfu ya miaka kutoka upande wa Ngorongoro na milima jirani kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, ambao hata leo ni volkano hai. Chini yake, mara nyingi kabla ya kufika mita moja, sululu hugonga tabaka gumu la chokaa ambalo mizizi ya miti hulipenya kwa shida, ilhali nyasi hutosheka na udongo ulio juu yake. Kukosa miti hapo, basi, ni maumbile. Tena udongo huo una kalsiamu, fosforasi na sodiamu kwa wingi, jambo linalosaidia kueleza kwa nini nyumbu huenda kuzaa katika nyanda hizo karibu na mwezi wa Februari, kwani jike anayenyonyesha huyahitaji sana madini hayo.

Kaskazini-magharibi, ambako mvua ni nyingi zaidi na sehemu kubwa ya udongo imetokana na miamba ya itale, mambo ni tofauti, na uwanda mtupu ungestahili kuulizwa maswali. Ndiyo maana ramani ya udongo hutangulia vipimo vingine: eneo hulinganishwa na lenye udongo wa aina yake, au na kumbukumbu zake lenyewe za zamani. Picha ya setilaiti, kwa maoni yangu, husifiwa kupita kiasi, kwa sababu mvua ya wiki moja yaweza kuupaka kijani hata uwanda uliochoka.

Uchovu wenyewe hupimwa kwa njia rahisi. Pale magari yanapoiacha barabara na kukata uwandani, bomba fupi la chuma lenye ujazo unaojulikana hupigiliwa ardhini, udongo uliomo hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi 105 za Selsiasi, kisha hupimwa uzito. Sampuli nyingine huchukuliwa hatua chache kando, pasipokanyagwa. Ile ya njiani ikiizidi uzito, udongo umeshindiliwa, na maji ya mvua yatapita juu yake badala ya kuzama.