Kuuza mechi: maana yake katika besiboli ya Marekani

Kwenye majukwaa yetu ya soka neno hili hutoka mdomoni haraka. Kipa akifungwa bao la kizembe, watu wanasema mechi imeuzwa, na mara nyingi kilichotokea ni uzembe tu. Besiboli ya Marekani inaieleza dhana hii vizuri zaidi, kwa sababu huko imeshafikishwa mahakamani, imeandikwa kwenye kanuni, na imekatisha kazi za wachezaji waliokuwa kileleni.

Kuuza mechi ni kukubali, kwa malipo, kucheza chini ya uwezo wako ili matokeo yafuate dau la mtu mwingine. Lazima kuwe na makubaliano, na lazima kuwe na nia. Mchezaji aliyeboronga kwa uchovu hajauza chochote. Ugumu unaanzia hapo, maana kwa aliyeketi jukwaani uchovu na udanganyifu vinafanana.

Besiboli ni rahisi kuuzwa kwa sababu ya mtu mmoja: mrushaji. Karibu kila tukio linaanzia mkononi mwake. Anasimama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji aliyeshika gongo, na kazi yake ni kumrushia mpira mgumu kupigika. Akipunguza kasi kidogo, au akiupeleka pale mpigaji anapopapenda, mpira unapigwa mbali na hakuna mwamuzi wa kumwadhibu, kwa kuwa hajavunja sheria yoyote ya mchezo.

Oktoba 1919 Chicago White Sox walikutana na Cincinnati Reds katika fainali ya ubingwa, ambayo mwaka huo bingwa alihitaji kushinda mechi 5. Usiku wa kuamkia mechi ya kwanza, mrushaji Eddie Cicotte wa Chicago alikuta dola 10,000 chini ya mto wake wa kulalia. Hayo aliyakiri mwenyewe baadaye. Kesho yake alimpiga kwa mpira mpigaji wa kwanza wa Cincinnati, Morrie Rath. Kwa watazamaji lilikuwa kosa la kawaida. Kwa wacheza kamari waliojua, ilikuwa ishara kwamba mpango unaendelea. Chicago walifungwa 9 kwa 1 siku hiyo, na fainali wakaipoteza kwa mechi 5 dhidi ya 3. Mrushaji mwenzake Cicotte, Lefty Williams, alipoteza mechi 3 kati ya hizo.

Siwatetei, lakini mazingira yao lazima yatajwe. Mikataba ya wakati ule ilimfunga mchezaji kwa klabu yake: asingeweza kuhamia kwingine bila ridhaa ya mwenye klabu, hivyo hakuwa na nguvu ya kudai mshahara wa haki. Na kamari ilikuwa imeuzoea mchezo huu tangu zamani. Mwaka 1877 wachezaji 4 wa Louisville Grays walikuwa wameshafungiwa maisha katika kashfa ya aina hiyohiyo.

Wachezaji 8 wa Chicago waliingizwa katika sakata la 1919, na Agosti 2, 1921 mahakama iliwaachia huru wale walioshtakiwa. Kesho yake Kenesaw Mountain Landis, jaji ambaye wenye klabu walikuwa wamemkabidhi mamlaka yote juu ya besiboli, aliwafungia wote 8 maisha. Alisema wazi kwamba hukumu ya mahakama haibadilishi kitu. Naona alikuwa sahihi katika msingi huo: mahakama huuliza kama jinai imethibitishwa, mchezo huuliza kama mtu huyu anaweza tena kuaminiwa na mpira mkononi.

Watu wengi huchanganya kuuza mechi na kubeti. Kanuni ya 21 ya besiboli inavigusa vyote. Ukibeti kwenye mechi ya besiboli isiyokuhusu, unafungiwa mwaka mmoja. Ukibeti kwenye mechi ambayo una wajibu ndani yake, unafungiwa maisha, hata kama uliweka dau kwamba timu yako itashinda.

Pete Rose ndiye mfano mkubwa. Akiwa mchezaji alipiga mipira 4,256 iliyomfikisha salama kwenye kituo cha kukimbilia, rekodi ambayo haijavunjwa. Agosti 1989 alifungiwa kwa kubeti akiwa kocha mkuu wa Reds. Alikana kwa miaka mingi, akakiri mwaka 2004, akisisitiza kwamba siku zote aliwawekea dau Reds washinde. Wengi huuliza, basi kosa liko wapi? Liko kwenye siku ambazo hakubeti. Anayepokea madau yake akiona leo kocha hajaweka kitu, ameshapata habari ambayo shabiki hana. Tena kocha mwenye fedha zake kwenye mechi ya leo anaweza kumchosha mrushaji anayehitajika kesho. Na mwenye deni la kamari ana bwana mwingine zaidi ya klabu yake.

Tangu mwaka 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyaruhusu majimbo kuhalalisha kubeti michezoni, kuuza mechi kumepata sura ndogo zaidi. Siku hizi mtu anaweza kubeti juu ya mrusho mmoja tu: utakuwa ndani ya eneo halali au nje, utazidi kasi fulani au hautazidi. Mrushaji anaweza kuuza mrusho huo na timu yake ikashinda vilevile. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland Guardians, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishtakiwa New York kwa tuhuma za aina hiyo. Wote wawili walikana. Mara baada ya hapo dau la mrusho mmoja likawekewa kikomo cha dola 200, ili kishawishi kipungue.

Kanuni inagusa pia kunyamaza, na hapo ndipo pananiumiza zaidi. Buck Weaver wa Chicago alikuwepo mpango wa 1919 ulipojadiliwa. Hakuchukua fedha, akacheza fainali ile vizuri bila kosa hata moja, ila hakumwambia mtu. Landis alimfungia sawa na waliolipwa. Weaver aliomba kusafishwa tena na tena hadi alipofariki mwaka 1956. Mei 2025 Rob Manfred, kamishna (msimamizi mkuu) wa besiboli, aliamua kwamba kifungo cha maisha kinakoma mtu anapokufa, na jina la Weaver likaondolewa kwenye orodha pamoja na la Rose, miaka 69 baada ya kuzikwa kwake.