Hakuna kura ya kuweka sura mpya kwenye noti za Kenya

Ujumbe huu haufi: eti Wakenya wanapiga kura kuchagua sura ya rais au shujaa itakayowekwa kwenye noti, na ukiusambaza sauti yako itahesabika. Si kweli, na tafadhali usiusambaze.

Katiba ya 2010, ibara ya 231(4), inaruhusu noti na sarafu ziwe na picha zinazoashiria Kenya, lakini inakataza sura ya mtu binafsi yeyote, awe rais au mpigania uhuru. Isome mwenyewe, Katiba inapatikana bure mtandaoni. Kisha tazama sarafu zilizotolewa 2018: utaona twiga, kifaru, simba na ndovu.

Mkanganyiko unaeleweka. Kwa miaka mingi sura zilibadilika kweli marais walipobadilika, na wakubwa wetu wanakumbuka. Tena noti za 2019 zina jengo la mikutano la Nairobi, mbele yake sanamu ya rais wa kwanza, jambo lililozua mabishano makali. Kutamani mashujaa wetu waenziwe kwenye noti ni maoni ya haki kabisa, ila njia yake ni kurekebisha Katiba.