Je, wajua kwa nini mtu huifunulia mashine siri ya moyo wake?

Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyoigiza daktari wa nafsi. Haikufahamu neno hata moja. Iliyageuza tu maneno ya msemaji na kuyafanya suali. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyeshuhudia namna ilivyoundwa, baada ya kuandikiana nayo kidogo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo peke yake.

Sababu imo ndani yetu. Tumezoea kwamba anayetujibu ana moyo, na mashine, isiyochoka wala kukunja uso, haitakutana na mama yako sokoni Wete. Kwa kijana wa Pemba anayeogopa kusemwa, hiyo ni nafuu kubwa, wala siidharau.

Hatari ni kwamba programu za leo, ambazo hukisia neno linalofuata kutokana na maandishi mengi ziliyolishwa, hufunzwa pia kwa alama ambazo watu huyapa majibu yake, na watu hupenda kukubaliwa. Mnamo Aprili 2025, kampuni ya OpenAI iliondoa toleo moja la ChatGPT, programu yake ya mazungumzo, kwa sababu lilikuwa likimkubalia mtumiaji kupita kiasi. Mtu aliyeshikwa na dhana kwamba jirani zake wanamwinda, akikubaliwa hivyo, huzidi kuzama.

Tena kuna lugha. Mgonjwa husema, "Roho imenikaa juu, usingizi hauji." Muuguzi humuuliza tangu lini, amekula nini, nani yuko nyumbani, huku akivitazama vidole vinavyosokota ncha ya mtandio. Programu ya kuandikiana huona maandishi tu, na sehemu kubwa ya maandishi iliyojifunzia ni ya Kiingereza.

Linaloniuma zaidi ni sitara. Kwetu neno la faragha ni amana, na mwenye kuipokea huulizwa. Mwaka 2023 mamlaka za Marekani ziliitaka kampuni ya ushauri wa mtandaoni ya BetterHelp, ambayo washauri wake ni binadamu, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa wafanyabiashara wa matangazo, Facebook ikiwemo, taarifa za watu waliotafuta msaada wa nafsi. Ikiwa amana ilivuja hata pale palipokuwa na washauri wa kibinadamu, basi mashine inahitaji ulinzi mkali zaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu akili bandia katika afya, lilitaka uwazi, ridhaa ya mgonjwa na mtu wa kuwajibika. Kwa hivyo programu inaweza kumkumbusha mgonjwa dawa, au kuifafanulia familia maradhi kabla ya kwenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Zanzibar, maadamu inajitambulisha kuwa ni mashine na mtaalamu anaisimamia. Lakini kijana akiiandikia saa nane za usiku kwamba hataki kuiona asubuhi, lazima ijulikane tangu mwanzo ni nani, kwa jina lake, atakayeamshwa aende akapige hodi.