Makurutu wa Kiganjo, yale watu husema na ukweli wenyewe

Kila makurutu wakifuzu Kiganjo, chuo cha polisi wa Kenya kule Nyeri, nasikia maneno yaleyale, na yananiuma juu hao ndio utawakuta kaunta ya kituo siku umepatwa na shida.

"Bila mateso hupati polisi." Si kweli. Mbio kwenye baridi ya Nyeri sawa, mwili lazima uwe fiti, lakini kijana ukimrusha kichura na kumtukana miezi yote hiyo anachoshika ni kwamba mwenye cheo ana ruhusa kumdhalilisha aliye chini yake, halafu anapelekwa kituoni na aliye chini yake sasa ni raia.

"Haki za binadamu zinawalegeza." Hii siikubali kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inataka polisi wafunzwe kuheshimu haki na utu. Halafu soma Jedwali la Sita la Sheria ya Polisi ya 2011: nguvu hutumika njia za amani zikishindwa, mtu akiumia anapewa matibabu mara moja na jamaa zake wanajulishwa, na kusema uliamriwa na mkubwa hakukutoi kwa makosa. Sasa matibabu hayo huwezi kuyakariri kwenye daftari, kurutu apige magoti afunge jeraha tena na tena mpaka mikono izoee, vile anavyorudia gwaride.

"Kuandika ni kazi ya karani." Jamani. Mwaka jana nilimsindikiza jirani kituoni saa nne usiku, mdomo umevimba, na afande tuliyempata alikuwa kijana mpole kweli ila hakujua aulize nini, akaandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, mstari mmoja, amepigwa na mume, basi, hakuna saa, hakuna mahali, hakuna aliyeshuhudia, na fomu ya P3, ile daktari hujaza kuhusu majeraha, hakuitaja mpaka sisi wenyewe tukaiulizia. Kesi nyingi huanza kufa hapo. Makurutu waigize hiyo kaunta kila wiki, mmoja analia, mwingine anaandika, mwalimu anasahihisha papo hapo.

"Waongezewe tu miezi." Inasaidia, Norway polisi husoma miaka 3, lakini kijana akifika kituoni akaambiwa na wakubwa asahau yale ya Kiganjo, hiyo miezi imeenda bure. Mwaka wa kwanza apewe afisa mmoja mwenye rekodi safi wa kumshika mkono, na huyo afisa apimwe kwa kazi ya kijana wake wakati wa kupandishwa cheo.