Dopamini si homoni ya raha, na shingo iliyopinda si jini

Mitandaoni dopamini huitwa "homoni ya raha". Jina hilo linapotosha. Panya walioondolewa karibu dopamini yote ubongoni waliendelea kulamba midomo walipoonjeshwa sukari, utamu waliusikia. Kilichokufa ni hamu ya kukifuata chakula, hata wasipolishwa wafe njaa. Dopamini huuonyesha ubongo kipi kina maana na kipi kifuatwe.

Ukilijua hilo, skizofrenia, ugonjwa wa akili, inaeleweka zaidi. Dopamini ikizidi katika striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo, mambo madogo hupata uzito wasiostahili: gari likipunguza mwendo mlangoni, mtangazaji akikohoa redioni, mgonjwa huona anasemwa yeye. Mirungi nayo ina kathinoni, inayoachilia dopamini. Mwenye ugonjwa huu asiitafune. Lakini si kweli kwamba dopamini imefurika kichwa kizima. Wala hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha dopamini ya ubongoni, kwa hiyo anayekuuzia kipimo hicho usimpe pesa yako.

Dhana potofu inayoniuma zaidi ni ya dawa. Siku ya pili baada ya mdogo wangu kuchomwa sindano ya haloperidoli, dawa ya skizofrenia, shingo ilipinda kushoto, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Jirani akasema jini limepanda, tumpeleke kwa mganga. Tukamrudisha wodini. Muuguzi wa zamu akamchoma promethazini, na kabla ya nusu saa shingo ikanyooka. Hakuna aliyekuwa ametuonya, na nina hakika wengi huacha dawa siku kama ile.

Sababu yake inajulikana. Haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini viitwavyo D2, na dopamini hiyohiyo huongoza mwendo wa mwili. Miaka ya 1950 Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura reserpini, inayomaliza dopamini, wakazubaa, hawasogei. Alipowadunga L-DOPA, malighafi ya dopamini, wakaamka na kutembea. Mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Kwa hiyo mgonjwa wako akikakamaa au kutetemeka, usimwachishe dawa kimyakimya. Mrudishe kliniki: dozi hupunguzwa, benzheksoli, dawa ya kulegeza mkakamao huo, huongezwa, au dawa hubadilishwa. Klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, hushika D2 kwa wepesi tu, lakini ndiyo hutegemewa nyingine zikishindwa. Na Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya skizofrenia isiyoziba vipokezi vya dopamini kabisa.